Nyumba Kumi na Mbili na Saa Moja Asubuhi

Wiki ya tatu ya muhula huu, mwenzangu wa chumbani alirudi usiku akiwa na fomu ya kuahirisha masomo. Hakuwa anaumwa. Nyumbani kwao hakukuwa na msiba. Ada ilikuwa imelipwa. Aliiweka ile fomu mezani, akapanda kitanda chake cha juu, akageukia ukutani. Nilipomuuliza kuna nini, alijibu bila kugeuka: "Kaka, Zohali yuko nyumba ya kumi."

Kabla hatujaenda mbali, niseme ukweli wangu. Habari za nyota ni ugonjwa wangu tangu sekondari. Nilianza na kurasa za nyota magazetini, zile ambazo marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki 2011, alizifanya ziwe gumzo la kila kijiwe nchi hii. Baadaye nikapakua programu ya kuchora ramani za kuzaliwa, na sasa chumba kizima kinajua kwamba mimi ndiye wa kuulizwa. Kwa hiyo nilimwelewa mara moja. Kwa lugha ya wanajimu alikuwa anasema hivi: sayari ya vikwazo na ucheleweshaji imekaa kwenye chumba changu cha kazi na cheo.

Kumbe alikuwa amechukua elfu themanini kwenye boom, akamtumia mnajimu mmoja aliyempata kwa simu. Jibu likaja: kozi hii haina riziki kwako, simama mwaka mmoja, urudi na kozi nyingine. Ni kozi gani? Hiyo ilikuwa na malipo yake. Siku ile ilikuwa Jumatatu, na fomu ilitakiwa irudishwe Ijumaa.

Ninachoandika hapa ndicho nilichomweleza usiku ule. Najua wengi wetu tunazo hizo programu kwenye simu, tunaona duara limekatwa vipande kumi na mbili, tunasoma maneno ya chini na kuruka duara lenyewe. Sasa tulitazame.

Nyota ni ya tarehe, nyumba ni ya saa

Kosa la kwanza ni kuchanganya nyota na nyumba. Zote ni kumi na mbili, ndiyo maana zinatuchanganya. Nyota, au buruji kama wanavyosema wazee wa Pwani, ni zile za gazetini: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Jua huzipitia zote kwa mwaka mmoja. Ukijua tarehe tu, unajua Jua lilikuwa kwenye nyota gani. Aliyezaliwa siku hiyo Kigoma na aliyezaliwa Lamu, wote ni wamoja.

Nyumba ni kitu kingine. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku, kwa hiyo kwa macho yetu mbingu yote inachomoza mashariki na kuzama magharibi ndani ya saa 24. Nyumba ni mgawanyo wa huo mzunguko wa siku moja, kwa kutazama mahali uliposimama. Hazizunguki. Zimekaa kama vyumba vya hosteli, na nyota pamoja na sayari zinapita ndani yake kama wapangaji. Ndiyo maana mnajimu akikuomba tarehe tu, hawezi kukwambia lolote kuhusu nyumba zako. Anahitaji mji na saa.

Na saa yenyewe si ya kukisia. Digrii 360 kwa saa 24 ni digrii 1 kila dakika 4. Kila baada ya saa mbili hivi, nyota nyingine inaanza kuchomoza. Pacha wa kwanza na wa pili wakipishana nusu saa, ramani zao tayari zinatofautiana.

Jinsi ya kusoma duara

Duara lina mstari wa kulala katikati. Huo ni upeo wa macho, pale mbingu inapokutana na ardhi. Kushoto ni mashariki, kulia ni magharibi. Ukishangaa kwa nini mashariki iko kushoto wakati ramani za jiografia zinaiweka kulia, jibu ni kwamba mchoro huu ulianzishwa na watu wa kaskazini mwa dunia, ambao hutazama kusini ili walione Jua. Ukitazama kusini, mashariki iko mkono wako wa kushoto.

Nukta ya kushoto kabisa ndiyo inayochomoza. Wagiriki waliiita horoskopos, maana yake kiashiria cha saa, na ndiko lilikotoka neno horoskopu. Waarabu waliiita tali, yaani kinachochomoza. Hapo ndipo nyumba ya kwanza inapoanza. Kisha unahesabu kushuka chini: ya kwanza, ya pili na ya tatu ziko chini ya ardhi upande wa mashariki; ya nne inaanza chini kabisa; ya tano na ya sita zinapanda kuelekea magharibi. Ya saba inaanza Jua linapozamia. Ya nane na ya tisa ziko juu, ya kumi inaanza karibu na utosi, kisha ya kumi na moja na ya kumi na mbili zinarudi mashariki.

Kumbuka jambo moja tu: nyumba ya kwanza hadi ya sita ziko chini ya upeo, ya saba hadi ya kumi na mbili ziko juu yake. Jambo hili lina kazi baadaye.

Jua lenyewe linazipita kinyume na hesabu. Likichomoza linaingia ya kumi na mbili, si ya pili. Na hapa sisi tuna bahati ya lugha, kwa sababu saa ya Kiswahili nayo inaanza kuhesabiwa Jua linapotoka. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo ni kama kila nyumba inachukua saa mbili. Kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa mbili, Jua liko nyumba ya kumi na mbili. Saa mbili hadi saa nne, ya kumi na moja. Saa nne hadi adhuhuri, ya kumi. Adhuhuri hadi saa nane, ya tisa. Likizama linaingia ya sita, na usiku wa manane linavuka kutoka ya nne kwenda ya tatu. Mtu wa Dar anaweza kukisia nyumba ya Jua kwa saa ya mkononi. Mtu wa Oslo hawezi, kwa sababu mchana wake wa Juni ni mrefu mno na wa Desemba ni mfupi mno.

Kila chumba na shughuli zake

Mfumo huu ulikomaa Misri chini ya watawala wa Kigiriki, karne moja au mbili kabla ya Kristo. Maana za nyumba hazikuokotwa tu. Zina mantiki, hata kama huiamini.

Anza na nguzo nne. Ya kwanza ni mawio, kwa hiyo ni kuzaliwa, mwili na nafsi. Ya nne iko chini kabisa, ardhini, kwa hiyo ni wazazi, asili, shamba na kaburi. Ya saba iko upande wa pili, inakutazama uso kwa uso, kwa hiyo ni yule mwingine: mke au mume, mshirika, lakini pia adui wa waziwazi. Wazee hawakuona ajabu kuwaweka mchumba na adui chumba kimoja. Ya kumi iko juu, kila mtu anaiona, kwa hiyo ni kazi, cheo na jina lako mbele za watu.

Zilizobaki zinafuata. Ya pili ni mali, unachoshika baada ya mwili. Ya tatu ni ndugu, majirani na safari fupi. Ya tano ni watoto na starehe. Ya sita ni maradhi na utumishi. Ya nane ni kifo na urithi. Ya tisa, mkabala wa ya tatu, ni safari ndefu, dini na elimu ya juu. Ya kumi na moja ni marafiki na matumaini. Ya kumi na mbili ni maadui wa siri, vifungo na hasara.

Kwa nini ya sita, ya nane na ya kumi na mbili zina sifa mbaya? Wanajimu wa kale waliamini kwamba sehemu za mbingu "huonana" kwa pembe maalumu: digrii 60, 90, 120 na 180. Ukipima kutoka nyumba ya kwanza, zipo nne ambazo haizioni kabisa: ya pili, ya sita, ya nane na ya kumi na mbili. Yaani uhai hauzioni. Ya pili ilinusurika ikapewa pesa, tatu zilizobaki zikapewa mabalaa. Hata sayari zilipangiwa vyumba vya kufurahia: Jua ya tisa, Mwezi ya tatu, Zuhura ya tano, Mirihi ya sita, Mshtarii ya kumi na moja, na Zohali, mzee wa huzuni, ya kumi na mbili.

Kama umewahi kumwona mpiga ramli akichora nukta zake, huenda umesikia naye akitaja nyumba. Za ramli ni kumi na sita, na kumi na mbili za kwanza zinabeba maana zinazofanana sana na hizi. Elimu hizi mbili zimesafiri pamoja muda mrefu kwenye ulimwengu wa Kiarabu, hadi mwambao wetu.

Jua liko wapi?

Nilimwomba mwenzangu anionyeshe ramani aliyotumiwa. Ameniruhusu nieleze, bila jina. Alizaliwa Iringa, Desemba 2003, Jua likiwa mwishoni mwa Mshale. Kwenye picha ya simu, nukta inayochomoza ilikuwa Mizani. Zohali alikuwa Kaa, nyumba ya kumi kweli. Mshtarii, sayari ya neema, alikuwa Mashuke, amefungiwa nyumba ya kumi na mbili. Kwa mnajimu yeyote hiyo ni ramani ya kutikisa kichwa.

Lakini Jua lilikuwa nyumba ya tatu.

"Ulizaliwa usiku?" nikamuuliza.

"Hapana. Asubuhi."

"Jua liko chini ya upeo hapa. Hii ni saa saba usiku."

Akageuka. Akashuka kitandani. Tukafungua ujumbe aliomwandikia yule mnajimu: "saa 1 asubuhi." Na programu ikawa imejazwa 1:00, AM. Mambo yakaishia hapo. Programu hizi hazijui saa ya Kiswahili. Saa moja asubuhi ni 7:00. Mtu aliyelipwa elfu themanini hakutazama hata kama Jua lilikuwa limetoka.

Tukampigia mama yake, simu ikiwa kwenye spika, ili tuwe na uhakika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku huu, kuna usalama?"

"Usalama, mama. Eti, mimi nilizaliwa saa ngapi hasa?"

"Saa moja asubuhi. Jua limeshatoka, manesi wanabadilishana zamu. Baba yako hajafika hata na chai." Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Na masomo yanaendaje?"

Mwenzangu akaitazama fomu pale mezani. "Yanaenda, mama."

Kosa la saa sita ni robo ya mzunguko, nyumba tatu. Nilipoweka 7:00, kila kitu kikasogea. Anayechomoza akawa Mbuzi. Jua likapanda hadi nyumba ya kumi na mbili, mahali pake sahihi kwa mtoto wa saa moja asubuhi. Zohali akatoka ya kumi akaingia ya saba. Na Mshtarii akafunguliwa kifungoni, akaenda kukaa nyumba ya tisa.

"Ya tisa ni ya nini?" akauliza, macho yamemtoka.

Nyumba ya elimu ya juu. Niwaambie ukweli, hapo nilijaribiwa. Sentensi moja tu ilitosha: kaka, Mshtarii yuko kwenye nyumba ya chuo kikuu, chana hiyo fomu ulale. Angeichana.

Kwa nini sikusema hivyo

Nilifikiria kitu kimoja. Zohali sasa yuko nyumba ya saba, na mwenzangu ana mchumba. Nikimrudisha darasani kwa nguvu ya Mshtarii, mwezi ujao mtu mwingine atamvunjia uchumba kwa nguvu ya Zohali, tena kwa elfu themanini nyingine. Kwa hiyo nilimjibu swali lake, nikaongeza mengine.

La kwanza, wanajimu wenyewe hawakubaliani kuta za nyumba zipite wapi. Wa kale wengi walihesabu nyota nzima kuwa nyumba nzima. Programu nyingi leo zinatumia mfumo wenye jina la Placidus, mtawa wa Italia wa karne ya 17, unaogawa nyumba kwa kufuata muda ambao kila sehemu ya mbingu inachukua kupanda na kushuka. Kaskazini kabisa, kama Tromsø kule Norway, mfumo huo unakwama, kwa sababu zipo sehemu za mzunguko wa nyota ambazo hazichomozi wala hazizami kamwe. Wanajimu wa India nao wanaanza kuhesabu nyota mahali pengine, tofauti ya digrii kama 24. Mtu yule yule, dakika ile ile, anapata ramani tofauti kwa kubadilisha mpangilio kwenye simu.

La pili, limepimwa. Mwaka 1985 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio la mwanafizikia wa Marekani, Shawn Carlson. Wanajimu walioheshimiwa na wenzao walipewa ramani ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa la mwenye ramani. Walitarajia kupatia angalau nusu. Walipatia kama theluthi moja, kiasi kile kile ambacho ungepata kwa kuchagua umefumba macho. Na ramani zile zilikuwa na saa sahihi.

La tatu, mbona alijiona kwenye ile ramani ya uongo? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, "binafsi," akawaomba wapime ukweli wake kwa alama 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Kisha akawafichulia: wote walikuwa wamepewa karatasi moja yenye maneno yale yale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Walikuwa wanafunzi wa chuo kama sisi.

Mwenzangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kitu ambacho hakuwa amekitaja hata mara moja tangu aingie na ile fomu: "Nina sapu mbili. Moja naibeba tangu mwaka jana. Naogopa kudisko, halafu nimwambie nini mama?"

Basi. Hapo hakuhitajika Zohali. Kudisko kunauma na kuna aibu. Lakini "nyota yangu haikuruhusu" mtu anaweza kuisema nyumbani kwao akaonewa huruma. Alikuwa ameilipia sababu.

Kesho yake tulikwenda kwa mshauri wa wanafunzi, akaelezwa kanuni ya sapu inasemaje hasa, na haikuwa mbaya kama inavyosimuliwa korido. Mchana akamtafuta mwalimu wa somo analolibeba. Jumapili alimpigia mama yake tena, safari hii bila spika. Nilitoka nje.

Mimi bado nazipenda hizi nyumba. Mwili, pesa, ndugu, wazazi, watoto, ugonjwa, ndoa, kifo, elimu, kazi, marafiki, siri: miaka elfu mbili iliyopita mtu alikaa akaorodhesha yote yanayomnyima binadamu usingizi, na hakusahau mengi. Kama orodha ya maswali ya kujiuliza, naitumia. Majibu siyachukui kule.

Ukifungua programu yako leo, jaza saa kwa mtindo wa saa 24, na piga simu kwa aliyekuwepo ulipozaliwa. Kisha tafuta Jua. Kama ulizaliwa mchana na liko chini ya mstari, ramani hiyo si yako. Na kama liko mahali pake, bado usisaini fomu yoyote kwa sababu yake.

Ijumaa ilipita. Ile fomu haikurudishwa. Mwenzangu aliigeuza nyuma, akachora ratiba ya kujisomea kwa rula, akaibandika juu ya kitanda. Matokeo ya sapu hayajatoka wakati naandika haya.